Tupeane uzoefu: kuendesha taratibu kupita kiasi, sheria zinasemaje na dereva afanyeje

Mwanzisha mada
Wakuu, kila siku tunahimizwa kupunguza mwendo, ila anayejikokota na 40 kwenye barabara ya 100, nyuma yake foleni ndefu, hatumwongelei. Wazoefu mwageni mambo ya kutumika: sheria, hesabu, na gari lenyewe. Visa vya nani alimtukana nani tuviache.

Kibao_cha_Bluu
Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, kifungu cha 13, unamkataza dereva kuwakwamisha wenzake kwa kwenda polepole kupita kawaida bila sababu ya msingi. Hapo kwenye "sababu ya msingi" ndipo penye uzito. Ukungu, mvua kubwa, mlima ukiwa na mzigo: hizo ni sababu. Kusoma ujumbe kwenye simu si sababu.

Nchi nyingine zimeweka namba. Japani, barabara za mwendo wa kasi zisizo na kibao kingine, chini ya 50 hairuhusiwi. Ufaransa, njia ya kushoto kabisa ya barabara kuu ni 80 kwenda juu, hali ya hewa ikiwa nzuri na magari yanatembea. Ujerumani watu huichanganya: ile 60 ya Autobahn, barabara zao za kasi, ni uwezo wa gari, kwamba liwe limeundwa kuweza kuzidi 60. California ukiwa na foleni ya magari 5 au zaidi nyuma yako kwenye barabara ya njia mbili na hayawezi kukupita kwa usalama, unatakiwa uingie pembeni palipotengwa au penye nafasi ya kutosha.

Na vibao msivichanganye. Duara la bluu lenye namba nyeupe ni mwendo wa chini kabisa. Duara lenye ukingo mwekundu ni ukomo wa juu, wala halikulazimishi kuufikia.

Hesabu_za_Lami
Kinachoua ni tofauti ya mwendo. Gari la 100 linakula mita 28 kwa sekunde, la 40 linakula 11. Mkiachana mita 200, pengo limeisha ndani ya sekunde 12. Wa mbele angekuwa 80, wa nyuma angekuwa na sekunde 36. Usiku ni balaa zaidi, maana taa mbili nyekundu hazikwambii zinaenda 40 au 90.

Angalizo: wapenda mbio hupenda kuutaja utafiti wa Solomon wa 1964 wa Marekani, kwamba wanaokwenda taratibu hupata ajali nyingi. Ndani yake yalihesabiwa pia magari yaliyopunguza mwendo ili yakate kona. Watafiti waliokuja baadaye walipoyatoa, hatari ya upande wa taratibu ilishuka sana. Usikanyage mafuta kwa kisingizio hicho.

Spana_13
Wengi wanaojikokota wanaamini wako kwenye mwendo. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa hairuhusu spidimita kuonyesha pungufu ya mwendo halisi, ila inairuhusu kuzidisha hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Kwa hiyo mshale ukiwa 92, gari linaweza kuwa 80 tu. Tairi ndogo inaongeza uongo: toa 195/65 R15 ufunge 185/60 R15, kipenyo kinashuka kutoka milimita 635 hadi 603, asilimia 5. Pima kwa GPS ya simu, barabara tambarare na iliyonyooka, mwendo usiobadilika kwa sekunde 10, na simu ashike abiria.

Gari likigoma kuchanganya mwendo, anza na filta ya mafuta, filta ya hewa na masega ya ekzosi yaliyoziba. Klachi inayoteleza utaijua: mlio wa injini unapanda, mwendo haupandi. Breki inayong'ang'ania nayo huvuta gari. Baada ya safari fupi sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kugusa. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, fungua kalipa ya breki hapo. Taa ya injini ikiwaka na gari likakataa kupandisha mizunguko, limejilinda lenyewe. Toka barabara kuu kwanza, mashine ya kupimia baadaye.

Semi_Yenye_Mzigo
Kwetu wa magari mazito taratibu haiepukiki, ila namna zipo. Mlimani shusha gia mapema, kabla injini haijaanza kutetemeka. Ukichelewa unaporomoka hadi mwendo wa mtembea kwa miguu. Mkiwa malori mawili, acheni nafasi ya gari dogo kuingia katikati, la sivyo anayeovateki anapita yote kwa mpigo.

Ukipitwa, usiongeze mwendo. Gari dogo la 100 kulipita lori la 80, ukihesabu na nafasi ya mbele na nyuma, ni kama mita 72 za kulizidi, yaani sekunde 13. Ukipanda hadi 90 zinakuwa sekunde 26, na huyo mtu anakaa njia ya wenzake zaidi ya mita 700.

Mgeni_wa_Gia
Mkuu, hazadi je, zile indiketa zote kwa pamoja? Mtu akijikokota si awashe?

Semi_Yenye_Mzigo
Inategemea nchi, zipo zinazokataza gari likiwa linatembea. Kiufundi, kwenye magari mengi hazadi inaua indiketa, wa nyuma hajui unakata upande gani. Iwashe gari likiwa na hitilafu, au unapokuta foleni imesimama ghafla mbele yako. Wa nyuma akishaiona na kupunguza, zima.