Me 262 kwenye War Thunder: inapanda kwa kujivuta, Spitfire zinanifikia. Naomba ushauri

Kipanga wa Nyanda
Habari za jioni wakuu. Nacheza War Thunder, lile gemu la ndege za vita, upande wa Ujerumani, mechi za Realistic (zinazofuata zaidi uhalisia), na sasa nimefungua jeti ya Me 262 A-1a. Nimetokea kwenye Bf 109 K-4, ndege ya pangaboi ambayo ukivuta pua tu inapaa yenyewe. Hii ya jeti ni habari nyingine kabisa. Inamaliza njia yote ya kurukia, ikishaacha ardhi inapanda kwa kujivuta, na nikifika mita 3,000 nakuta pangaboi za adui, Spitfire Mk 24 na P-51H (Mustang), ziko juu yangu tayari. Kona moja ya nguvu inashusha mwendo kutoka kilomita 700 kwa saa hadi 400, na ukishashuka haurudi mpaka nimepigwa.

Kuiacha sitaki. Ndiyo jeti ya kivita ya kwanza duniani kuingia kazini, naipenda tangu utotoni na nataka kuijua vizuri. Wenye uzoefu nisaidieni: napandaje, napiganaje, na hii mizinga ya milimita 30 mbona inapita pembeni ya kila kitu? Kompyuta iko vizuri, bando lipo, mtandao hausumbui. Nawasilisha.

Tanga Raha
Acha kona mkuu. Mengine ngoja wajuzi waje.

Fundi Mitambo
Mkuu Kipanga, anza na injini, maana humo ndimo yalimo majibu yako yote.

Me 262 ina Jumo 004 mbili, kila moja ina msukumo wa kilo 900 hivi. Jumla 1,800, na zinasukuma ndege yenye zaidi ya tani 6 ikiwa imejaa. Linganisha na MiG-15, jeti ya Kisovieti iliyokuja miaka michache tu baadaye: injini moja ya kilo 2,270 kwa ndege ya tani 5 hivi. Wajerumani hawakukosa akili, walikosa madini. Nikeli ilikuwa adimu, ikabidi sehemu za moto zitengenezwe kwa chuma cha kawaida kilichopakwa alumini. Injini ilidumu saa 10 hadi 25 za kuruka, basi. Na rubani akisukuma throto (mkono wa kuongeza nguvu ya injini) kwa pupa, injini iliweza kuzimika au kuwaka moto.

Sasa njoo kwenye mechi. Ndege ya pangaboi ikiwa na mwendo mdogo inavuta kwa nguvu sana, na kadiri mwendo unavyoongezeka nguvu hiyo inapungua. Jeti haiko hivyo, msukumo wake haubadiliki sana kati ya mwendo mdogo na mkubwa. Kwa hiyo ukiwa kwenye 350, Spitfire inakuzidi kila kitu: kupanda, kukata kona, kuongeza mwendo. Ukiwa kwenye 750 haina cha kukufanya. Ni kama lori lenye shehena kwenye mlima Kitonga: ukipoteza mwendo katikati ya mlima huupati tena.

Unaporuka, usivute pua. Kunja magurudumu, rudisha flapu (vibao vya nyuma ya bawa), kaa chini kabisa karibu na miti mpaka usome 500. Hapo ndipo unainua pua taratibu, na unainua kiasi ambacho mwendo unabaki kati ya 450 na 500. Ukiona unashuka chini ya 450, laza pua. Utaona mita zinaongezeka polepole na itakukera, vumilia. Halafu usipande ukielekea kwa adui, pandia pembeni, ili wakati mnaonana uwe umeshanyooka na mwendo umeshajaa. Mafuta chukua kidogo, tanki lililojaa ni mzigo wa bure.

Mzee wa Rada
Naungana na Fundi kwenye injini, ila kupanda sana sikubaliani naye. Ukipanda mpaka mita 5,000 mechi imeshaanza bila wewe, wenzako wanakufa huko chini. Mimi naishia 2,500, nanyoosha, naacha mwendo ufike 750 ndipo naingia. Mwendo wenyewe unakutosha.

Fundi Mitambo
Mzee, hiyo inafaa kwenye ramani ndogo. Kwenye ramani kubwa P-51H itakuwa mita 6,000 ikikusubiri. Ikishuka kutoka huko inakuja na mwendo kama wako au zaidi, na mwendo ndiyo silaha pekee uliyonayo. Mimi bado nasema panda.

Binti Mawingu
Kipanga, nikujibu la mizinga. MK 108, ndiyo hiyo mizinga yako ya milimita 30, inatoa risasi kwa kasi ya mita 540 hivi kwa sekunde. Ni ndogo mno, bunduki za Mustang zinazidi 800. Ukimpiga anayekatiza mbele yako kwa umbali wa mita 500, risasi inachukua kama sekunde nzima kufika. Yeye akiwa kwenye 600 kwa saa, ameshasogea zaidi ya mita 160, na risasi yenyewe imeshuka njiani. Kwa hiyo hukosi kwa sababu huna shabaha. Unapiga kutoka mbali mno.

Weka umbali wa risasi kukutana kwenye mita 300. Usiguse kitufe mpaka mabawa ya adui yamejaa kwenye duara la shabaha na kuzidi. Halafu gusa, achia. Mizinga miwili ya juu ina risasi 100 kila mmoja, ya chini 80, na ukishikilia kitufe ya chini inaisha kwa sekunde 8 hivi. Hata hivyo risasi mbili au tatu za milimita 30 zinatosha kuvunja ndege ndogo.

Na mchague anayekwenda moja kwa moja. Ndege nzito ya mabomu, au mtu aliyezama kumkimbiza mwenzako, huyo ndiye wako. Anayekuona na kuanza kukata kona mwache, pita, nenda zako.

Kipanga wa Nyanda
Ahsante sana dada, na wakuu wote. Nimejaribu jioni hii, na ile ya kukaa chini mpaka 500 imebadilisha kila kitu. Nimeangusha B-17, ile ndege nzito ya mabomu, na Mustang iliyokuwa inamfuata mwenzangu. Swali: nikishapita, narudi lini? Na kutua je? Nikipunguza mwendo kwenda kutua, wananikuta palepale uwanjani.

Binti Mawingu
Baada ya kupita, nyoosha ukishuka kidogo kidogo. Usigeuke kabla umbali haujafika kilomita 4, na ugeuke kwa upana. Aliye nyuma akikata tamaa na kugeuza, hapo umeshampata mgongo.

Mzee wa Rada
Hilo la kutua liliwaua hata marubani wenyewe wa Me 262 vitani. Tarehe 6 Novemba 1944 rubani Chuck Yeager wa Marekani aliangusha Me 262 iliyokuwa inakaribia uwanja kutua, kwa sababu hapo injini hazina jinsi ya kuirudishia mwendo haraka. Mwaka 1945 kikosi cha jeti cha rubani Mjerumani Adolf Galland, JV 44, kikaweka pangaboi za Fw 190 D za kulinda uwanja tu jeti zinaporuka na kutua. Matumbo ya hizo Fw 190 yalipakwa rangi nyekundu yenye mistari myeupe ili wapiga mizinga wa ardhini wasizitungue.

Kwa hiyo tafuta mtu wa kucheza naye, achukue Fw 190 au 109. Ukitaka kutua mwambie mapema azunguke juu ya uwanja. Wewe njoo kutoka mbali, chini, throto usiishushe yote, maana ukiihitaji itachelewa kuitikia. Ukiona adui yuko ndani ya kilomita 5 na magurudumu hujashusha, pitiliza.

Tanga Raha
Kipanga nina Fw 190 D-9 na kesho usiku nipo kuanzia saa tatu. Nitumie jina lako la kwenye gemu inbox.