Mimi ni dalali wa nyumba, nimeitwa kutafuta lokesheni za filamu. Kazi hii itanifaa?

BintiPangani:
Habari zenu wakuu. Mimi ni dada wa miaka 29, nafanya udalali wa nyumba za kupanga Sinza, Kijitonyama na Mwenge. Karibuni prodyuza mmoja wa tamthilia aliniomba nimtafutie nyumba inayoweza kuwa ya mjane mwenye duka la vitenge, pamoja na gereji ya zamani. Nikampatia vyote. Sasa ananitaka kwenye kazi yake ijayo, miezi kadhaa, nusu Bagamoyo na nusu Unguja.

Nimeipenda kazi yenyewe. Naingia nyumba ya watu, naangalia mwanga unavyopita dirishani, nawaza nani angeishi humo. Ila nikiondoka wateja wangu watachukuliwa na wenzangu, na nina mtoto wa miaka minne anayelelewa na mama yangu. Mnaoifanya, nambieni ukweli: inamfaa mtu wa namna gani? Nawasilisha.

Kipanga_wa_Ilala:
Chukua dada, nafasi kama hii hairudi.

MzeeKlapu:
Mdogo wangu, usikimbilie. Nipo kwenye uzalishaji wa filamu muda mrefu na nimeona madalali kadhaa wakihamia upande huu. Wanaoshindwa hawashindwi kwa kukosa jicho. Wanashindwa kwa sababu dalali anauza sifa za nyumba, na mtafuta lokesheni kazi yake ni kusema kasoro mapema. Mteja wa nyumba humwambii kwamba jirani anafuga mbwa wanaobweka usiku kucha. Dairekta lazima umwambie, tena kabla hajaipenda nyumba.

Picha nzuri ni sehemu ndogo. Ukifika mahali, jiulize: lori la jenereta litaegeshwa wapi? Watu arobaini watakwenda choo kipi? Fundi wa nywele atakaa kivuli gani? Umeme ni wa Luku ya nani, na nani ataijaza? Ukiona maswali haya yanakuchosha, kazi si yako. Ukiona yanakusisimua, karibu.

Na mtu wa lokesheni ndiye wa mwisho kuondoka. Wenzako wamepanda gari, wewe unapitia ukuta kwa ukuta ukilinganisha na picha ulizopiga kabla, unaona msumari uliopigwa bila ruhusa, unatafuta fundi rangi usiku huohuo. Mwenye nyumba kesho atakutafuta wewe, dairekta hamjui.

FundiSauti:
Naongezea la kwangu. Ukiingia chumbani, zima feni, zima friji, funga macho, sikiliza kwa dakika tano. Kuna fundi wa kuchomelea nyuma ya ukuta? Mashine ya kusaga? Shule inayopiga kengele? Adhana iko umbali gani? Kiwalani na Kipawa nyumba zinapendeza lakini ndege zinapita juu ya paa. Kama ni bati tupu bila dari, mvua ikianza hakuna tena mazungumzo ya kurekodi. Nenda pia siku ya juma na saa ileile ambayo watashuti. Mtaa wa Jumapili asubuhi na mtaa wa Jumatatu jioni ni mitaa miwili.

Mwana_wa_Shangani:
Asalaam aleikum. Huku Unguja kuna mambo yake. Kibali cha Bodi ya Filamu ya Bara, ile iliyo chini ya sheria ya 1976, hakikutoshi huku. Zanzibar ina baraza lake la sanaa, sensa, filamu na utamaduni, anza nalo. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo usiguse ukuta wala mlango kabla hujaongea na Mamlaka ya Mji Mkongwe. Halafu sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo hilo. Nenda kwake mwenyewe, usimtume mtu. Na drone ina kibali chake cha mamlaka ya usafiri wa anga.

Jifunze maji, dada yangu. Pwani ya mashariki, Jambiani kwa mfano, maji yakitoka unatembea mbali sana ndipo uyakute. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Na kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Eneo ulilolipiga picha ya ngalawa zikielea leo saa nne, wiki ijayo saa hiyohiyo zimelala mchangani. Vichochoro vya Mji Mkongwe navyo jua linaingia karibu na saa sita tu, basi. Dairekta akitaka mwanga wa jioni chini pale, mwambie haupo.

BintiPangani:
Nawashukuru sana. Maswali ya mzee yananisisimua kweli, nimeshaanza kuwaza vyoo. Kuna moja: wenye nyumba wamezoea kunipa cha dalali. Huku nako niendelee kupokea?

MzeeKlapu:
Hapana. Hapa nakuwa mkali. Ukilipwa na prodyuza, usipokee chochote kwa mwenye nyumba. Siku ukipendekeza nyumba mbaya kwa sababu ina chako ndani, watajua, na mji huu wa filamu ni mdogo. Dai malipo yako ya siku, yakiwemo ya siku za kuzunguka, hata maeneo yote yakikataliwa. Nauli na bando ni zao. Haya yaandikwe kabla hujapanda gari.

Mama_Wawili:
Nimeifanya nikiwa na watoto wadogo. Kutafuta kunawezekana, unapanga siku zako. Kipindi cha kushuti ndicho kigumu, unaamka saa kumi alfajiri na hujui utarudi lini. Mwombe prodyuza ufanye utafutaji wa Bagamoyo na Unguja, usimamizi wa siku za kushuti achukue mwingine. Ni kazi mbili tofauti na wengi hapa Bongo wanambebesha mtu mmoja. Nyumba zako za Sinza mwachie mwenzio unayemwamini mgawane, usizikate.

BintiPangani:
Hilo la kuzitenganisha sikuwa nalijua, nitamwambia Jumatatu. Tayari kuna nyumba Bagamoyo, baraza la mbele, mlango wa kuchonga, anayeishi humo amekubali. Ni ya urithi.

Mwana_wa_Shangani:
Anayeishi humo ni mrithi mmoja tu. Tafuta msimamizi wa mirathi, na warithi wengine wajue na waweke sahihi, hata aliyeko Muscat atume kwa simu. La sivyo siku ya kushuti atatokea mjomba na kufuli.