Julie Manning au Eusebia Munuo: nani jaji wa kwanza mwanamke Tanzania?

Kalamu_Mkavu: Habari wakuu. Naandaa makala ya Siku ya Sheria. Huku nasoma jaji wa kwanza mwanamke ni Julie Manning, kule naambiwa Eusebia Munuo. Nishike lipi? Na hukumu za Manning nazipata wapi? Nimetafuta TLR (Tanzania Law Reports, vitabu vya hukumu zilizoripotiwa) yote, hola.

Masjala: Wote wawili, kila mmoja na mahakama yake. Manning aliteuliwa Mahakama Kuu 1973. Munuo aliingia Mahakama ya Rufani 2002. Manning asingeweza kuwa Jaji wa Rufani nchini hata angetaka: wakati ule rufaa zetu zilikwenda Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, na hii ya kwetu ilianza 1979, Jumuiya ilipokwisha kuvunjika. Kwa hiyo usiandike "jaji wa kwanza" ukaishia hapo, taja na mahakama.

Kuhusu historia ya Manning: mzaliwa wa Morogoro, 1939. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa sheria Dar, kwenye chuo kilichofunguliwa Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kabla ya ujaji alikuwa mwandishi wa sheria kwa Mwanasheria Mkuu, yaani kuandaa miswada. Makala nyingi huiruka kazi hiyo, na mimi naona ndiyo ingestahili aya nzima.

Wakili_Pembeni: TLR hutapata kitu, umekosea kitabu. HCD (High Court Digest, muhtasari wa hukumu za Mahakama Kuu) inaishia 1972, kuanzia 1973 ni LRT (Law Reports of Tanzania). Tena dirisha lenyewe ni dogo, kwa sababu 1975 Nyerere alimfanya Waziri wa Sheria. Usitegemee faharasa, kwa kawaida hupangwa kwa majina ya wadaawa (pande za kesi) na mada, si kwa jaji. Chukua LRT za 1973 hadi 1975, pitia shauri moja moja ukitafuta "Manning, J." (J. ni Jaji). Kama shauri halikuripotiwa, masjala ya mahakama watakuuliza namba, mwaka na kanda. Bila hivyo vitatu utazungushwa.

Kalamu_Mkavu: Shukrani. Kwa hiyo alikuwa waziri huku akiwa jaji?

Wakili_Pembeni: Hapana. Waziri hutoka bungeni, na jaji hawezi kuwa mbunge. Ilibidi aache ujaji. Yeye na Tabitha Siwale ndio wanawake wa kwanza kuwa mawaziri kamili. Bibi Titi alikuwa waziri mdogo, usiwachanganye.

Masjala: Kwa Munuo, angalia herufi baada ya jina. "Munuo, J." ni hukumu ya Mahakama Kuu, "Munuo, J.A." (Jaji wa Rufani) ni ya Rufani. Ukinukuu ya kwanza kama ya Rufani, mhariri anayejua sheria atairudisha. Ongeza pia kwamba 2012 hadi 2014 alikuwa rais wa chama cha kimataifa cha majaji wanawake, na mkutano wao wa 2014 ulifanyika Arusha.

Nyanza_Sheria: Ukigusa Kenya, hakuna utata huo. Effie Owuor ndiye wa kwanza Mahakama Kuu na ndiye wa kwanza Rufani. Naye sheria aliisomea hapo hapo Dar.