Kiatu cha hoki cha kulia kinamlaza mwanangu upande: holda imefungwa kombo au ni mtoto?

BabaTausi
Wakuu, heshima kwenu. Nipo Edmonton mwaka wa sita huu, na barafu mimi naijua ya kwenye juisi tu. Aliyeniingiza kwenye hoki ni kijana wangu wa miaka 10, yuko kundi la U11. Tangu mwezi uliopita kocha analalamika: akikata kushoto yuko vizuri, akikata kulia anachukua kona pana kama lori la mizigo. Kocha anasema ni uoga. Nami nakiri, nilimfokea ndani ya gari.

Juzi nikakaa nyuma ya goli nikamtazama miguu tu. Wa kushoto umesimama wima. Wa kulia kifundo kinalalia ndani, na akiteleza kwa mguu huo peke yake, mita chache tu anaanza kupinda kushoto bila kutaka.

Viatu ni vya mtumba (nikiviita sketi, mama yangu kule Tanga anadhani namvisha mjukuu wake gauni). Buti zilikuwa nzima ila holda ya kulia, ile plastiki inayoshika chuma, ilikuwa na ufa. Nikapeleka duka moja la michezo, wakabadilisha, wakapiga ribiti mpya, nikaondoka navyo siku ileile. Sasa nikihesabu, malalamiko ya kocha yameanza baada ya hapo. Jana nimerudi, kijana wa kaunta kakiangalia sekunde tatu, kasema kiko sawa, mtoto atazoea.

Je, holda inaweza kufungwa kombo? Nitajuaje bila mashine? Na nikizing'oa ribiti mwenyewe nifunge kwa skrubu, nitaharibu? Drili ninayo.

Nawasilisha.

Kipanga_Tabata
Siti ya mbele, nasubiri wajuvi. Hiki kiatu mimi nimekiona kwenye sinema tu. Ila mkuu, mtoto umwombe radhi.

MzeeWaKunoa
Weka drili chini kwanza.

Nimenoa viatu hivi kwenye kiwanja kimoja huku Minnesota miaka tisa, na vingi ninavyoletewa kwamba "holda imepinda", kosa ni la mnoaji. Chuma kile kina unene wa milimita 3 hivi, na chini kimechimbwa mfereji kwa urefu wote, ndiyo maana kina kingo mbili, ya ndani na ya nje. Mnoaji asipolenga katikati, ukingo mmoja unakuwa juu kuliko mwenzake. Tofauti ni ya unywele, lakini mguu unaisikia.

Kwa hiyo pindua kiatu, laza kadi ya benki juu ya chuma, ikatize. Ikikaa mraba na ubavu wa chuma, kunoa hakuna kosa. Ikiinama upande mmoja, mchawi umempata.

Kama holda zako ni za kuchomoa chuma (Bauer nyingi za sasa zina kifyatuo cha kuvuta kwa kidole), badilishana: cha kulia kiende kushoto, cha kushoto kije kulia, mbele ibaki mbele, na hakikisha kimeingia mpaka kikalia. Akateleze dakika kumi. Mguu wa kulia ukipona, ugonjwa ulikuwa kwenye chuma. Ukibaki vilevile, ni holda, buti au mguu wenyewe.

Halafu chukua uzi. Wa kushonea, si huu wa jukwaani. Bana kiatu katikati ya magoti, chini juu. Tafuta katikati ya pua ya buti mbele na katikati ya kisigino nyuma, vuta uzi kutoka huku hadi huku, ufumbe jicho moja kama seremala anayekagua ubao. Chuma kinatakiwa kifuate uzi. Usiangalie cha kulia tu, linganisha na cha kushoto, kwa sababu wapo mafundi wanaosogeza holda ndani kidogo kwa makusudi ili kumsaidia mtu ambaye vifundo vyake vinalala. Chako kikiwa kimekwenda nje, ndiyo maana kifundo kinaangukia ndani. Uzito wa mtoto unakosa kitu chini yake.

Skrubu za mbao usithubutu. Soli ni nyembamba. Ama itang'oka akiwa kasi, ama ncha itamsalimia unyayo.

MamaShani
Baba Tausi, samahani nikuulize swali la kike: ulinunua namba ngapi? Maana sisi na "atakua tu" ni ndugu. Kiatu cha hoki kwa kawaida huwa chini ya namba ya raba kwa moja au moja na nusu. Wangu nilimnunulia sawa na raba, nikaongeza na nusu ya kukulia, vifundo vikalala vyote viwili msimu mzima. Mwambie asukume vidole mpaka mbele bila kufunga kamba. Nyuma ya kisigino kikiingia zaidi ya kidole chako kimoja, ni kikubwa.

BabaTausi
Mama Shani, nimeinamisha kichwa. Vidole viwili.

Lakini hebu someni. Kadi imekaa mraba vyuma vyote. Nimebadilishana, leo jioni kateleza, mguu ni uleule wa kulia. Uzi nimeuvuta mezani jikoni, mke wangu kashika upande wa pua, mimi kisigino. Cha kushoto chuma na uzi ni kitu kimoja. Cha kulia, mbele kiko sawa, ila kikifika kisigino kimetoka nje milimita 4. Nimepima kwa rula ya mtoto mara tatu. Nimetoa na soli ya ndani: ribiti mbili za nyuma zimekaa pembeni ya matundu ya zamani, na tundu moja limebaki wazi, naona mwanga.

MzeeWaKunoa
Milimita 4 siyo ya kuzoea. Piga picha kwa nyuma uzi ukiwa umevutwa, viatu vyote viwili kwenye picha moja, rudi dukani, mtafute fundi mwenyewe, achana na kaunta.

Akikubali, mwambie hivi: tundu jipya lisitobolewe likila la zamani, maana yakiungana unapata tundu la yai na ribiti haishiki. Ya zamani yazibwe kwa epoksi, ikauke usiku kucha, ndipo atoboe upya. Lile tundu lililo wazi leo linaingiza maji, na maji yanalegeza kila kitu. Akikwambia "nisubiri dakika ishirini", chukua kiatu chako uondoke. Baadhi ya mafundi viatu wa kawaida huko Kanada wana mashine ya ribiti, ulizia.

Otieno_SouthB
Niko Nairobi, mimi huteleza pale Panari, Mombasa Road. Yangu ilipolegea sikupata mashine ya ribiti, nikaweka bolti ndogo zenye kichwa bapa kwa ndani na nati kwa nje. Imeshika mwaka wa pili, lakini nakaza kabla ya kila mazoezi. Kama uko Kanada, ribiti zipo, usijitese.

BabaTausi
Mrejesho, wakuu.

Fundi wa duka lilelile ni mzee mmoja mpole. Nilipomwekea picha hakubishana. Alichukua kiatu, akakiinua usawa wa taa, akaguna. Kakaa nacho siku mbili na hakunitoza. Nimeuvuta uzi tena nyumbani, umelala juu ya chuma mwanzo mpaka mwisho.

Jumamosi nilisimama nyuma ya goli. Dogo kaja kulia kasi, akapinda, barafu ikaruka mpaka kwenye kioo. Kocha hakusema kitu. Kijana alikuja pembeni akanigongea kioo kwa fimbo. Kwenye gari nilimwomba radhi. Kajibu, "Sawa baba, lakini bado vinacheza kisigino."

Mama Shani, wako amebakiza vile vidogo vya zamani?

MamaShani
Ninavyo. Njoo PM.