Mjadala: Kocha aliyekihama chuo, arudishwe?

Wadau, jambo hili linanikera na nataka tulijadili. Chuo chenye timu ya futiboli ya Kimarekani kimrudishe kocha mkuu aliyekihama? Mimi nasema hapana, na mfano wangu ni Chuo Kikuu cha West Virginia na kocha Rich Rodriguez.

Rodriguez ni mwana wa jimbo hilo, aliyekulia Grant Town. Alikichezea chuo, kisha akakifundisha kuanzia 2001 hadi 2007. Tarehe 1 Desemba 2007 timu yake ilikuwa ya 2 nchini, iko nyumbani, inakutana na jirani yake Pittsburgh iliyokuwa imeshinda mechi 4 tu msimu ule. Wakishinda, wanakwenda fainali ya taifa. Wakalala 13-9. Wiki mbili baadaye kocha akahamia Michigan, chuo kikaenda mahakamani kudai dola milioni 4 za kuvunja mkataba. Huko alikokwenda alishinda mechi 15, akapoteza 22, akatimuliwa. Mkataa pema, pabaya panamwita.

Desemba 2024 wakamrudisha. Mapenzi yao nayaelewa. Kidonda cha 2007 hakijawahi kufunga, na nani asingependa kukifunga kwa mkono ule ule uliokifungua?

Lakini tujiulize alishinda kwa kitu gani. Alikuwa na Pat White, kijana aliyemtazama beki mmoja tu kisha akaamua papo hapo: akimbie na mpira mwenyewe au ampe mwenzake Steve Slaton. Yote kwa kasi, bila kuwaachia wapinzani nafasi ya kujipanga. Wakati ule wengi hawakujua dawa yake. Leo hata timu za sekondari zinacheza hivyo. Ligi ya Big East waliyoitawala haipo tena katika futiboli, sasa wako Big 12. Mchezaji anaweza kuhama kila mwaka, na tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Katika soko hilo, kumbukumbu za 2007 hazimnunui mtu. Msimu wa 2025 waliifunga Pittsburgh 31-24 katika muda wa nyongeza, na furaha ile siwanyimi, ila walimaliza na ushindi 4 na vipigo 8.

Najua mtaniletea Bill Snyder wa Kansas State. Namkubali kabisa. Aliikuta timu ikiwa na mechi 27 bila ushindi, akaijenga, akastaafu 2005, akarudi 2009 na kutwaa Big 12 mwaka 2012. Ila Snyder hakukimbilia kwa tajiri. Alipumzika, uwanja ukiwa tayari na jina la familia yake, na ushindi wake ulitokana na nidhamu na wachezaji waliopuuzwa na wengine. Vitu hivyo havichuji kwa miaka mitatu. Bobby Petrino naye alirudi Louisville 2014, akampata Lamar Jackson aliyetwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, 2016, na miaka miwili baadaye akafukuzwa akiwa na ushindi 2 katika mechi 10.

Kwa hiyo mnaomtetea Rodriguez, nijibuni hili: kama asingewahi kukanyaga Morgantown, mji wa chuo hicho cha West Virginia, na mngekuwa na rekodi yake ya Michigan, Arizona na Jacksonville State pekee mezani, mngemwajiri?