Tupeane uzoefu: mliotoka na baiskeli sikukuu mkarudi mnasukuma

Mtu wa Area C
Wakuu, mbukwenyi. Nane Nane ya 2025 iliangukia Ijumaa, basi wakati jiji zima la Dodoma linaelekea maonyesho Nzuguni, sisi watano tukashika njia ya vumbi ya Hombolo. Karibu kilomita 40, tulale huko, Jumamosi tupande vilima, Jumapili turudi. Baiskeli za gia, helmeti, miwani. Tulipendeza.

Njiani tukaona mbuyu, tukaziburuta baiskeli hadi kivulini, tukakaa kula karanga. Aliyewahi kukaa Dodoma kiangazi ameshajua nilipofikia. Mbigili! Zile kavu zenye pembe kama kichwa cha ng'ombe. Tulipoondoka pale, tairi saba kati ya kumi zilikuwa chini. Viraka tulikuwa navyo, ila solusheni, gundi ya kubandikia, ilikuwa imekaukia ndani. Mwenye nayo aliinunua mwaka juzi. Tukabaki kumtazama.

Akapita mzee na baiskeli yake ya Phoenix, madumu ya maji nyuma. Hakucheka, namshukuru mpaka leo. Akatoa solusheni yake, akanionyesha namna ya kutafuta tundu bila beseni: jaza upepo, pitisha tyubu taratibu chini ya pua, karibu kabisa na mdomo wa juu. Hata hewa ndogo kama pumzi ya kichanga unaisikia. Nilikuwa nimeshabandika viraka viwili kwa fahari ndipo akauliza, "Na mwiba umeutoa kwenye tairi?" Sikuutoa.

Tairi zake yeye kwa ndani alikuwa ametandika tyubu kuukuu aliyoipasua kwa urefu. Mwiba unaishia hapo. Vilima tuliviona kwa mbali tu. Leteni zenu.

Binti Mrangi
Pole kaka. Kondoa adui ni mchanga. Saba Saba ya 2023 tulikuwa wanne, tukapakia baiskeli kwenye basi, konda akazitoza kuliko alivyonitoza mimi, na bado akalalamika. Kondoa mpaka Kolo, kwenye michoro ya kale ya miambani, lami ipo. Lakini kiherehere, tukashuka korongoni eti njia ya mkato.

Wazee wa kwetu wanaikumbuka HADO, mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza 1973. Ardhi ilikuwa imeliwa na maji kiasi kwamba 1979 mifugo ikaondolewa. Sasa mchanga wote ule ulikwenda wapi? Ndio huo tuliokuwa tunausukuma. Tulipunguza upepo kwenye tairi, zikatambaa kidogo, kisha tukazibeba begani.

Kolo tulichukua mwongozaji, tukapanda kwa miguu. Mwenzetu alivaa viatu vya baiskeli vyenye chuma chini, kwenye mwamba vinateleza kama sabuni, akapanda peku. Ila kule juu! Watu wembamba warefu, wanyama, vyote kwa rangi nyekundu, mvua za miaka mingapi hazijavifuta. UNESCO waliiweka kwenye Urithi wa Dunia 2006 na mimi niliyezaliwa jirani ndiyo kwanza nafika. Mmoja wetu alichokumbuka ni kwamba mtandao haukamati.

Konde la Bahi
Mimi fupi. Kushuka Kilimatinde kuja Bonde la Ufa, raba za breki zimekwisha, nikatumia soli ya kiatu. Kiatu kikaisha pia. Nikachagua kichaka. Kichaka kilikuwa cha mgunga.

Mjomba Mtulivu
Samahani wadau, hivi kwa nini msiende tu kwa miguu toka mwanzo?

Binti Mrangi
@Mjomba Mtulivu, kwa miguu tulienda, mjomba. Baiskeli tulikuwa tumezibeba.

Mtu wa Area C
Hahaha. Konde la Bahi, pole sana, miba yote ilitoka? Mimi sasa tyubu kuukuu nimeshatandika, solusheni ni mpya, na yule wa mwaka juzi tumempa kazi ya kubeba karanga tu. Naulizia Mlima Hanang. Aliyepanda kwa siku moja kutokea Katesh atuambie alibeba lita ngapi za maji.