Vyuo vya muziki Marekani, mnapima utunzi au mnapima nani ana hela ya kukodi wapiga violini?

Wakuu, naandika uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Jana usiku nimepokea imeili ya mistari mitatu kutoka chuo kimoja cha muziki Marekani. Wanashukuru kwa kutuma kazi zangu, waombaji walikuwa wengi, sikupita mchujo wa awali. Basi. Hakuna neno hata moja kuhusu muziki wenyewe. Hiki ni chuo cha tatu kunijibu hivyo mwaka huu. Kila kimoja kimekula zaidi ya dola 100 za ada ya maombi, na ada hiyo hairudi. Kimoja nilikiomba kinisamehe ada, nikajibiwa kwamba msamaha huo ni kwa waombaji wa ndani tu. Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Mwanza na nafundisha kinanda watoto wa watu majumbani kwao. Dola 100 ni kama laki mbili na nusu za Kitanzania, zidisha mara tatu halafu mniambie.

Kwa wasiojua utaratibu: mpiga piano anayeomba vyuo hivi anarekodi vipande alivyopangiwa, anatuma. Mtunzi anatuma kazi zake mwenyewe, mara nyingi tatu hivi, zisizofanana, kila moja na nota zake na rekodi yake. Vingi vinafunga mlango tarehe 1 Desemba. Wanachuja, wachache wanaitwa kwenye usaili kati ya Januari na Machi, na huko kuna mtihani wa nadharia na wa sikio. Nafasi za watunzi ni chache mno ukilinganisha na za waimbaji au wapiga ala. Curtis ya Philadelphia haitozi ada ya masomo tangu 1928, kwa hiyo dunia nzima inaikimbilia, na watunzi wanaochukuliwa pale wanahesabika kwa vidole. Vyuo vikubwa vya binafsi vinavyotoza, ukijumlisha chakula na malazi, mwaka mmoja unapita dola 70,000. Bila ufadhili usijisumbue. Hayo yote niliyajua na niliyakubali kabla sijaanza.

Sikujua kwamba nitashindwa kabla hata ya kusikilizwa.

Nimekulia kwenye solfa, muziki unaoandikwa kwa herufi badala ya nota za mistari. Nimetunga nyimbo 43 tangu kidato cha pili, zote nimeziandika kwenye kaunta buku mbili: juu kushoto do ni ngapi, chini yake mistari minne ya sauti zote, d r m f s l t, nukta mbili kutenganisha mapigo. Hivyo ndivyo kwaya nyingi za nchi hii zinavyosoma. Mpe mama wa sauti ya pili karatasi ya solfa saa kumi jioni, Jumapili anakuimbia bila kukosea. Na solfa hatukuibuni sisi. Ilianzia kwa mwalimu mmoja wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, mchungaji John Curwen akaiboresha na kuieneza kuanzia miaka ya 1840, wamisionari wakatuletea. Wimbo wetu wa Taifa umetokana na utunzi wa Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya kule Johannesburg, mwaka 1897, na yule mzee alikuwa akiandika kwa solfa kwenye vikaratasi. Ukituma karatasi za namna hiyo leo hakuna atakayezifungua. Maelekezo yanataka nota za mistari mitano.

Sawa, nikajifunza. Miezi mitatu, usiku, kwa programu ya MuseScore kwa kuwa ni ya bure, nikahamisha misa yangu ya Kiswahili, "Bwana Utuhurumie" hadi "Mwanakondoo", nota moja moja. Pale wimbo unapohama ufunguo, solfa inaandika herufi ndogo pembeni ya herufi kubwa na mwimbaji anaelewa papo hapo. Kwenye mistari mitano nilikesha siku mbili natafuta alama zangu za kupandisha na kushusha zimekosewa wapi. Sikulalamika, nilifurahi hata, kwa kuwa ni elimu.

Hasira yangu iko kwenye rekodi.

Maelekezo yalisema kazi zisiwe za aina moja, na zote mbili za mwanzo zilikuwa za kwaya. Ya tatu nikaandika kwa violini mbili, viola (ndugu ya violini, kubwa kidogo na ya sauti nzito zaidi) na chelo. Nilikuwa nimebeba kichwani mdundo wa bugobogobo, ile ngoma ya majembe ya Wasukuma, nikataka viola iubebe peke yake chini kabisa, kwenye do yake nzito (C), chelo ikiwa imenyamaza. Baa tisa za nota. Wimbo wote umejengwa juu ya baa hizo tisa.

Mwanza sikupata wapigaji. Nikapanda basi hadi Dar. Nikapata vijana watatu wa violini na mmoja wa chelo, elfu hamsini kila mtu, ukumbi elfu themanini kwa saa mbili. Mpiga viola hakupatikana, nilipiga simu wiki nzima. Kijana wa violini ya tatu akakubali kushika nafasi hiyo. Sasa wanaojua wanajua: waya wa chini wa violini unaishia sol (G), ile do nzito ya viola iko chini zaidi na violini haina. Nikakaa kwenye benchi nje ya ukumbi na penseli, nikazipandisha baa zangu tisa zote kwa oktavu moja ili zipigike. Tulipozipiga nikasikia kwamba jembe halipo tena, imebaki sauti nyembamba ya mbu. Tukarudia mara mbili, umeme ukakatika, muda ukaisha. Nikatuma hiyo, na ndiyo waliyoisikia.

Mtaniambia vyuo vingine vinapokea sauti za kompyuta. Ni kweli, vinapokea. Soma sentensi inayofuata: "tunapendelea rekodi za wapigaji halisi." Neno hilo "tunapendelea" ndilo linalotumaliza. Kijana wa kule ana okestra shuleni kwake. Anaandika Jumatatu, Alhamisi rafiki zake wanampigia bure, tena mwenye viola yupo. Mimi na yeye tunawekwa kwenye mzani mmoja, na unaopimwa ni utunzi, eti.

Hoja yao naielewa. Mtunzi anayesikia kazi yake ikipigwa na watu anajifunza kitu ambacho kompyuta haitamfundisha, nimejifunza mwenyewe siku ile. Lakini kama wanataka kujua naandikaje, nota ziko mbele yao, wazisome, wao ni maprofesa wa utunzi! Mtu aliyesomea kazi hiyo anaona kwenye karatasi kama viola inafanya kitu au haifanyi. Na kwenye tovuti zao zote wameandika wanatafuta sauti mpya kutoka kila pembe ya dunia. Pembe hii mmeifikia kwa njia gani?

Kuna watakaosema soma hapa hapa. Naheshimu sana, Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) wanafundisha muziki, Chuo Kikuu cha Makumira wana shahada ya muziki, chuo cha sanaa cha Bagamoyo kipo. Mimi nataka miaka minne ya kutunga kila wiki, kazi ipigwe na watu wenye ala zote, nirudi niweze kuandikia zaidi ya kwaya. Si kosa kulitaka hilo nikiwa Mwanza.

Kwa waliopita njia hii: je, kuna chuo kilichowahi kupokea nyimbo za kwaya tupu, zote tatu? Kuna aliyeandika barua kueleza hali ya rekodi yake ikasomwa? Na kama kuna mtu humu anapiga viola, awe Mwanza, Arusha, Dar, hata Nairobi, naomba anitumie ujumbe. Zile baa tisa nimesharudisha chini zilipokuwa, na nina hadi tarehe 1 Desemba.